Alama Nilizozifagia

Kiwanja cha tenisi ninachokitunza kiko Changamwe, nyuma ya kiwanda, upande wa kwendea Magongo. Ni cha udongo mwekundu. Wanachama wa klabu hukichezea, mimi hukisoma. Asubuhi, kabla sijamwaga maji na kupiga ufagio, huwa nimeshajua nani jana alikimbia na nani alisimama tu akipiga kelele. Yupo karani mmoja mnene anayelalamika kila wiki kwamba mistari yangu ya chokaa imepinda. Nyayo zake zaonyesha kwamba hajawahi kuifikia mistari yenyewe.

Nyayo za dada yangu nilizijua kuliko zote. Yeye ni karani bandarini, na kwa miaka mingi amekuwa bingwa wa wanawake hapa pwani. Alikuwa akikimbilia wavuni kwa ncha za vidole, kisigino hakigusi chini. Nilikuwa naona uchungu kuzifuta alama zile.

Kisha kila unyayo wake wa kushoto ukaanza kuwa na mkia, mstari mwembamba uliochorwa na ncha ya kiatu kabla mguu haujatua. Kwanza nilidhani ameteleza, maana kwenye udongo huu kila mtu huteleza. Lakini mtu huteleza mwisho wa mbio. Mkia huu ulikuwepo kila hatua, hata pale alipokwenda polepole kuokota mpira.

Mkia ule niliwahi kuuona. Tulipokuwa wadogo kule Utange, mama yetu aliuchora kwenye mchanga wa uani, mguu uo huo wa kushoto. Niliuona mara moja tu, jioni moja alipotoka kuchota maji, nikamcheka. Baadaye akaanguka na sufuria ya uji mkononi, na tangu siku hiyo hakutembea tena. Alikaa kitandani mpaka tukamzika. Alipokuwa mzima alipenda kuwasifia majirani binti yake anayeamka kabla ya jogoo ili afagie uwanja. Mimi nilikuwa nikitukanwa kwa uvivu, naye akisifiwa, na nilimwonea wivu kwelikweli.

Wanachama nao walianza kunong'ona. Bingwa bado alikuwa akishinda, lakini kwa shida, na mpira uliopigwa kona ya kushoto alikuwa akiutazama tu ukipita. Wengine walisema ni umri, wengine wakasema amechoka na kazi. Siku moja aliketi karibu nami akifungua kamba za viatu.

"Mdogo wangu, wewe wanitazama kila siku. Nimepungua?"

"Hujapungua, dada. Ni viatu hivyo, vimekwisha."

Akanunua vipya. Aliniuliza tena, na tena, nami nikajibu kwa upole ule ule. Mashindano ya pwani yalikuwa yanakaribia, nikajidanganya kwamba nitamwambia yakipita. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nikaihamisha kazi ya asubuhi, nikawa nafagia jioni, mara tu anapotoka langoni, asije mtu akaziona alama zile. Mficha maradhi kilio humfichua, methali hiyo naijua tangu shuleni, na bado nilifagia.

Jumamosi moja nilikwenda mazikoni Kaloleni, nikalala huko. Niliporudi Jumapili asubuhi nilimkuta dada kiwanjani, amevaa nguo za kanisani. Alikuwa amepitia raketi aliyoisahau. Ilikuwa chini ya mkono wake, naye ameinama, anafuata unyayo mmoja baada ya mwingine.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Jana nimefanya mazoezi hapa peke yangu. Basi hizi ni zangu."

"Ni zako."

"Umeanza kuziona lini?"

"Kabla ya Pasaka."

Na sasa mahindi ya masika yalikuwa yameshavunwa. "Nilikuwa nazifagia," nikasema. "Sikutaka uzione."

"Kufagia nakujua," akasema. "Uwanja wa Mama niliufagia kila alfajiri kabla Baba hajaamka. Mama mwenyewe hakujua anachora nini, mpaka alipoanguka. Daktari akauliza mbona tumemchelewesha. Baba akaapa kwamba hakukuwa na dalili yoyote. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza."

Miaka yote ile nilidhani alikuwa akifagia kwa sababu ya bidii, bidii ile ile iliyokuja kumfanya bingwa. Kwa mazoea nikaunyoosha mkono kuchukua ufagio wa chelewa uliokuwa umeegemea wavu.

"Wacha," akasema. "Kesho twaenda hospitali. Utakuja nami, umwambie daktari ni tangu lini. Usipunguze hata siku moja."

Akatoka langoni. Viatu vyake vya kanisani navyo viliacha mkia.

Siku ile sikumwaga maji wala sikufagia. Saa kumi karani mnene alikuja na mipira yake, akasimama juu ya zile alama, akauliza kwa kicheko ni nani huyu anayeburura mguu kama mzee.

Nikamwambia ni dada yangu.