Zima na Nzima

Mashine ya kusaga ya Mama Leonsia pale Lusahunga ilinyamaza asubuhi ya gulio, na Mama Leonsia hakuwa mtu wa kuvumilia mashine iliyonyamaza. Ndoo na magunia ya mahindi yalipanga foleni hadi ukingoni mwa barabara, malori ya kwenda mpakani Rusumo yakipita na kuyamwagia vumbi. Josiane Iradukunda alipofika na mkoba wake wa vifaa vya umeme, wenye mahindi walimtazama kama mtu aliyepotea njia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sasa sikiliza, binti. Kuna fundi Biharamulo mjini, nimeshampigia simu, anangoja neno langu tu. Ukiiwasha mashine kabla wateja hawajaondoka, kazi ya hapa ni yako siku zote. Ukishindwa, namwita yeye."

Josiane aliitaka sana kazi ile. Alizaliwa Lukole, wakati kambi ya wakimbizi ya huko bado ni kambi, wazazi wake wakiwa wamevuka kutoka Burundi. Sasa wanalima mihogo na maharage huko Runazi. Alisoma chuo cha ufundi, kisha akajifunza kazi chini ya fundi umeme mzee Ngassa, Msukuma mmoja mwenye ulimi mkali na mikono ya upole. Tangu hapo riziki yake ilikuwa taa na soketi za nyumba za watu. Umeme wa mashine, ule wa fezi tatu unaokuja kwenye kebo nene kama mpini wa jembe, aliushika akiwa msaidizi tu. Na watu wa Lusahunga, kwa ubishi hawajambo: mwanamke wa kufunga balbu walishamzoea, ila wa kebo ya mashine hawajamwona, na wasichokiona wao basi hakipo duniani.

Alifungua kisanduku cha kuwashia mota, akaona ugonjwa mara moja. Ncha za kebo zilikuwa zimelegea, zikapata moto hadi plastiki ikayeyuka. Kata palipoungua, chuna upya, kaza. Kazi nyepesi, ili mradi umeme usiwepo.

Swichi kubwa ilikuwa nje, katika chumba cha nyuma. Mzee Ngassa alimfundisha kwenda kuizima mwenyewe, kuitia kufuli lake na kutembea na ufunguo. Lakini Mama Leonsia alikuwa amesimama mgongoni pake akipumua, na wateja wawili walishaanza kujitwika magunia yao. Haraka haraka haina baraka, kila mtoto wa shule anaijua, na watu wazima ndio tunaoisahau. Josiane akamgeukia Aron, Mhangaza aliyekuwa akiendesha mashine ile.

"Aron, kazime swichi kubwa. Halafu uitazame kebo huko nje, kama haijachubuka popote."

Lori lilikuwa likipita likinguruma alipoanza kusema. Aron akaitikia kwa kichwa, akatoka.

Baada ya muda sauti yake ikaja kutoka nje, katikati ya ngurumo ya lori jingine: "Nzima!"

Josiane alisikia "zima", akaelewa kwamba swichi imeshazimwa. Akashika koleo.

Hapo ndipo palipokuwa na kifo, msomaji wangu, katika ile *n* ndogo iliyomezwa na lori. Aron alikuwa amesikia habari ya kebo tu; ile ya swichi ilikuwa imemezwa na lori la kwanza. Akaitazama kwa uaminifu wote, akaona haina mchubuko, akatoa taarifa kwamba kebo ni nzima. Na kwa Kihangaza cha kwao, kama ilivyo kwa Kirundi cha kwao Josiane, kilicho kizima ni kilicho hai, na kebo ile ilikuwa hai kweli, umeme umo. Hakusema uongo hata kidogo.

Josiane alikuwa amevunja mafundisho mawili ya mzee Ngassa kwa asubuhi moja. La tatu, kupima kabla ya kugusa, lilikuwa limeshaingia mkononi mwake, kwa hiyo mkono haukungoja ruhusa: ukaweka koleo chini, ukachukua testa ya kupimia umeme, ukagusisha ncha ya kwanza ya kebo.

Kitaa cha testa kikawaka.

Alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta. Aliogopa waziwazi, mbele ya foleni nzima. Mama Leonsia alikiona kile kitaa. Akalitazama koleo pale chini, akamtazama binti, akakaa juu ya gunia la mtu bila kuomba.

Aron akaingia akifuta mikono. "Nimeangaria yote, dada. Haijachubuka."

"Na swichi?"

"Swichi gani?"

Angeweza kumtupia Aron lawama zote, na watu wangemwamini. "Kosa ni langu," alisema. "Nilikutuma kazi ambayo ni ya miguu yangu mwenyewe. Mama, nitachelewa. Nakwenda kuzima, natia kufuli, halafu napima upya ncha zote. Kama ni kumwita yule wa mjini, mwite."

Josiane akaenda kuzima na kufunga. Akaijaribu testa kwenye soketi ya duka la jirani ili ahakikishe haijafa, ikawaka; akarudi kuigusisha kwenye kebo, ncha moja moja, haikuwaka. Ndipo akashika koleo, taratibu, huku Aron akimulika kwa simu.

Wateja wengi walikwishaondoka na mahindi yao, wakinung'unika. Mama Leonsia aliwaacha waende, na kwa wanaomjua, hilo peke yake lilikuwa jambo la kusimulia. Mchana mashine iliponguruma, foleni ilikuwa na mabibi watatu tu.

Simu ya Mama Leonsia ikalia. Alikuwa fundi wa mjini, anauliza kama apande gari.

"Usije," Mama Leonsia alimwambia. "Fundi ninaye. Amenichelewesha sana, lakini kesho nikimhitaji, atakuwepo akiwa mzima."