Fuko wa Baba Mkwe

Kwa miaka mitatu ya kwanza ya ndoa yangu nilimjua baba mkwe kwa kikohozi. Akitoka shambani, kabla hajafika kwenye kona ya jiko, alikohoa mara mbili, nami niliyekuwa nimeinamia sufuria nilijifunika kitenge nikaingia ndani. Baadaye mama mkwe aliniambia, "Ameshapita, toka." Nikatoka, nikaendelea kukoroga. Uso wa mzee sikuwahi kuuona sawasawa hata siku ya harusi, maana siku hiyo niliinamisha kichwa mpaka shingo ikauma.

Sitaki mtu afikiri tulikuwa tumegombana. Ni desturi ya Wanyakyusa, tena ni ya heshima: mke wa mwana hakutani na baba mkwe wake, hamtazami, hazungumzi naye, na mzee naye anajitahidi vivyo hivyo. Mjini Mbeya wengi wameshaiacha. Utawakuta mkwe na mkamwana wamekaa kochi moja wanatazama taarifa ya habari. Lakini huku milimani juu ya mji, kwenye nyumba ya mzee huyu, desturi ilikuwa hai na haina hata mafua.

Mimi ni Mhehe wa Iringa. Nimekulia Mlandege, kwenye nyumba ambayo baba alikuwa anakaa nasi jikoni akionja mboga kabla haijaiva. Kwetu mtu akinyamaza anaulizwa anaumwa nini. Nina mdomo, na mume wangu alilijua hilo kabla hajanioa. Basi kuishi mahali ambapo mwenye nyumba hakuambii hata habari za asubuhi kuliniuma, wala sikuficha. Nilimwambia mume wangu, "Mimi hapa ni mpangaji." Akacheka. Yeye ni dereva wa lori, anabeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, wiki nyingi hayupo, kwa hiyo kucheka kwake ni rahisi. Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: baba wa mume wangu aniambie neno, lolote, hata la kunigombeza.

Mwaka wa tatu mzee akanipa shamba la viazi vya mbegu. Ndivyo viazi ambavyo nyumba nzima ingepanda msimu unaofuata, kwa hiyo haikuwa kazi ya kumpa mtu yeyote. Alimwambia mama mkwe, mama mkwe akaniambia mimi, ingawa sote watatu tulikuwa kwenye ua mmoja na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko nasikia kila kitu.

"Mwambie asiache magugu," alisema mzee.

"Anasema usiache magugu," alisema mama mkwe.

"Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

"Mimi mwenyewe nimesikia kwamba amesikia," alisema mzee, na akaondoka zake.

Viazi viliota vizuri, majani ya kijani iliyokolea, na mimi nikaanza kutembea kijijini kifua mbele. Halafu mashina yakaanza kunyauka, moja hapa, moja pale. Nilivuta shina moja, likaja lote mkononi, chini halina kitu, limekatwa kama kwa kisu. Pembeni yake kulikuwa na rundo la udongo mbichi. Fuko walikuwa wameingia.

Kwa asiyemjua, fuko ni mnyama wa ukubwa wa kiatu, mwenye manyoya laini na meno marefu yaliyotokeza nje, na vijicho visivyomsaidia sana. Anaishi chini ya ardhi na anachimba njia zake huko huko. Viazi anavila kutokea chini, na vingine anavibeba akavipanga ghalani kwake kama mama mwenye nyumba. Wewe juu unapalilia, yeye chini anavuna. Nilikaa kwenye tuta nikalia kwa hasira, kisha nikamtukana kwa Kihehe, maana Kiswahili hakikutosha.

Majirani wanawategea fuko kwa waya na fimbo iliyopindwa. Baba mkwe hakutaka habari ya mitego. Alikuwa na gobole la marehemu baba yake, refu, la kujazia baruti mdomoni na kushindilia kwa fimbo ya chuma, na kibali cha kulimiliki kilikuwa kimekunjwa ndani ya Biblia. Zamani lilikuwa la kuwindia nguruwe pori. Misitu ilipogeuka mashamba nguruwe wakahama, naye akawageukia fuko. Majirani walimcheka kwamba anampigia mnyama wa kubebwa kwa mkono mmoja bunduki ya kubebwa na watu wawili. Yeye alisema mtego unamnasa fuko mjinga, na wajinga si wengi.

Kazi yenyewe inataka watu wawili. Unafukua njia ya fuko mpaka mwanga na upepo viingie. Fuko hapendi upepo nyumbani kwake, kwa hiyo atakuja kuziba. Mmoja anamsubiri hapo na bunduki. Wa pili anakaa juu zaidi, kwenye tundu jingine, na jembe, ili fuko akikimbilia huko amkatie njia. Wote wawili wawe peku na wasitoe hata sauti ya kupiga chafya, maana kishindo kidogo tu kinamfikia huko chini, na akishtuka harudi siku hiyo. Mtu wa jembe miaka yote alikuwa mdogo wa mume wangu, lakini alikuwa ameshakwenda chuo Iringa. Mama mkwe magoti yalimkatalia kuchuchumaa. Nikabaki mimi.

Mama mkwe ndiye aliyepanga. "Wewe utakaa juu kwenye kona, yeye chini. Katikati yenu kuna mahindi. Hamtaonana."

"Na nikitaka kumwambia kitu?"

"Utamwambia nini? Kazi yenyewe ya kunyamaza."

Siku mbili za mwanzo tulirudi mikono mitupu. Siku ya tatu ukungu uliondoka mapema, nikakaa kwenye kona yangu mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuna mlio, hakuna dalili. Nikasema moyoni, mzee huyu ameshakwenda kunywa chai, mimi kaniacha huku nalinda shimo. Nikachukua jembe, nikashuka polepole katikati ya mahindi. Siku nyingine angekohoa, nami ningegeuka. Lakini kwenye kazi ya fuko hakuna kukohoa, na katika mipango yetu yote hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Nilipotoka kwenye mstari wa mwisho wa mahindi nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye bega la baba mkwe.

Akageuza kichwa. Tukatazamana. Alikuwa na masikio ya mume wangu, yale yale yaliyosimama, na sijui kwa nini ndiyo niliyoyaona kwanza. Nikainua mguu nikimbie. Hapo hapo udongo kwenye tundu ukatikisika.

Tukakwama. Desturi ilinitaka nikimbie, na fuko alinitaka nisikanyage hata jani. Niliushusha mguu taratibu, nikainamisha macho. Mzee naye akarudisha uso kwenye tundu. Tukasimama bega kwa bega, watu ambao hatukutakiwa hata kupita njia moja, tukimsubiri mnyama aamue.

Mnyama hakuwa na haraka. Alisukuma udongo kidogo, akaacha. Akasukuma tena. Jua lilikuwa mbele yetu, chini bado, linampiga mzee machoni. Kwa pembeni nilimwona anakunja uso, machozi yanamtoka, na mdomo wa gobole unayumba. Haoni kitu. Mimi nilikuwa nimekinga jua kwa ncha ya kitenge, naona mpaka meno ya fuko.

"Bado?" akanong'ona.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba ananiuliza mimi. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimejiandalia hotuba za siku hiyo, ndefu, zenye mwanzo na mwisho, na zote zikanikimbia.

"Bado, baba."

Tukasubiri. Fuko akatoa pua, akarudi.

"Bado?"

"Bado. Shusha kidogo. Kulia kidogo. Sasa."

Gobole lililia mpaka mbwa wa kijiji kizima wakajibu. Moshi ulipopungua, baba mkwe alikuwa ameketi chini na gobole mapajani, mimi niko kwenye mfereji, na sote wawili tumejaa udongo mpaka kwenye nyusi. Mashina manne ya viazi yalikuwa yamelala. Fuko alikuwa mlangoni kwake, amekufa, ameshikilia bonge lake la udongo.

"Amekufa?" aliuliza mzee.

"Amekufa, baba. Na viazi vinne."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ameumia, kumbe anacheka, anajizuia kama mtu aliye kanisani. Nikashindwa na mimi.

Mama mkwe alitukuta hivyo. Alipanda mlima na magoti yake mabovu kwa sababu ya mlio ule, akasimama akatutazama, mimi nikakumbuka haraka na kujifunika kitenge, mzee akageukia mlima.

"Mmeongea?" akaniuliza mimi.

"Tumeongea habari za fuko tu, mama."

Akamtazama fuko. Akalitazama shamba, na mashina yaliyonyauka, na yale mengi ambayo bado yalikuwa mazima. Nilikuwa naogopa kweli. Wanawake wa pale walikuwa wameshaniambia kwamba mkamwana anayevunja desturi anavimba miguu, na nilikuwa naisikia miguu yangu inawasha.

"Habari za fuko si maongezi," alisema mama mkwe hatimaye. "Ni kazi." Akamwokota fuko kwa mkia, akaniuliza kama kwetu fuko analiwa, maana habari za Wahehe kula mbwa ameshazisikia. Nikajua nimesamehewa.

Tangu siku hiyo tukawa na sheria mpya. Nyumbani mzee alikohoa na mimi nikaingia ndani, kama kawaida. Shambani tuliongea, mradi iwe ni fuko. Alinifundisha kugusa udongo wa rundo nikajua ni wa leo au wa juzi. Tulifukua ghala moja tukatoa ndoo nzima ya viazi vyetu wenyewe, vina alama za meno, na alisema huyu alikuwa anajua kuchagua mbegu kuliko sisi. Polepole habari za fuko zikaanza kubeba mizigo mikubwa. "Huko Iringa fuko wapo?" aliniuliza. Wapo, baba. "Baba yako anawawindaje?" Baba yangu ni fundi cherehani, hajawahi kumwona fuko tangu azaliwe, lakini nilimpa baba mkwe hadithi ya siku tatu. Ndani ya hadithi hiyo alijua tuko wangapi kwetu, nani amesoma, mama anauza nini sokoni. Mimi nami nikajua kwamba mama wa mzee alikuwa Msafwa, na kwamba mzee alianza kumpenda mama mkwe kwa sababu mama mkwe alikuwa anawakata fuko kwa jembe bila kukosea.

Tuliua kumi na mmoja. Mbegu ikapona. Tukavuna, tukapanga viazi gizani kwenye chumba cha nyuma, na shamba likabaki tupu. Kazi ikaisha, na maneno yakaisha nayo. Nilirudi kwenye kikohozi na kitenge. Nilidhani nitazoea kwa kuwa nilishawahi kuishi hivyo, lakini sasa ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeshamjua ninayemkimbia.

Mwezi uliofuata dada yangu akapiga simu jioni kutoka Mlandege. Mama ameteleza bafuni, amevunjika mkono, amelazwa. Mume wangu alikuwa njiani, upande wa Igawa, akasema atafika kesho yake mchana tupande basi pamoja. Nilikaa jikoni nikalia, na mimi nikilia silii kwa siri. Mama mkwe alinishika mgongo. Upande wa pili wa ukuta mzee alikuwa anasikia kila kitu.

Asubuhi mama mkwe akaja mlangoni. "Anasema kuna fuko."

"Fuko wapi? Shamba halina hata jani."

"Anasema yupo. Anasema uje na jembe."

Nilipanda mlima nimekasirika. Mama yangu yuko hospitali, nguo zangu sijafungasha, na mzee anataka nimkatie fuko njia. Nilikuwa nimejipangia njiani la kumwambia, na halikuwa la heshima.

Alikuwa ameketi juu ya tuta, gobole pembeni yake, mbele yake rundo la udongo mbichi. Nikalitazama rundo lile. Fuko anatoa udongo kwa kuusukuma, unakuja laini, mabonge madogo madogo. Huu ulikuwa umekatwa bapa, na alama za jembe zilikuwa zinang'aa bado. Jembe lenyewe lilikuwa limefichwa vibaya nyuma yake. Baruti hakubeba. Ile fimbo ya kushindilia pia hakubeba.

"Nadhani ni mkubwa," alisema, anatazama tundu.

Hasira yote ikaniisha. Nikaketi kwenye tuta lake, si kule juu kwenye kona.

"Ni mkubwa sana, baba."

"Atachelewa kutoka."

"Atachelewa."

Akaokota bonge la udongo, akalivunja vidoleni, akalitupa.

"Mama yako amevunjika mkono upi?"

"Wa kulia, baba," nikasema, na nikamweleza yote, tangu bafuni.