Boga na Paa la Kache

Boga wa Msambweni alikuwa fundi wa makuti na mwana wa fundi wa makuti, na mwaka ule wa kuingojea Uhuru akaamua kwamba makuti yamekwisha. Hakubahatisha. Boga alikuwa na fahari moja duniani, nayo ni kwamba anajua kuipima nchi. Kila asubuhi alikaa kwenye mgahawa wenye redio, kikombe cha kahawa mkononi, akasikiliza habari mpaka mwisho, kisha akawageukia wenziwe kuwafasiria, wakitaka wasitake.

"Hebu tazameni," alisema. "Serikali mpya itajenga skuli, na skuli haiezekwi makuti. Watu nao wanauza korosho, vishilingi wanavyo. Mtu akishapata vishilingi, anaanza kuona haya jirani akiwa na bati naye hana. Na bati lenyewe linatoka kiwandani leo, kesho kutwa liko juu ya nyumba, wakati makuti mpaka mabibi wakae chini kutwa nzima wakishona na migongo yao mibovu. Haya, niambieni nimekosea wapi."

Basi Boga akachukua uwakala wa mabati kwa tajiri mmoja wa Mombasa, akaiezeka nyumba yake mwenyewe bati ili watu waone. Mkewe, Mwanapili, akalalamika kuwa ikifika adhuhuri anaokwa humo ndani kama mkate wa mofa. Boga akamwambia hayo ndiyo maendeleo, atayazoea.

Ulibaki ule ua wa nyuma, mahali pa kushonea. Boga akamwita Kache, mwanamke wa Kinango aliyekuwa amemshonea makuti kwa ujira miaka mingi, akamwambia mbele za watu, "Chukua, Kache. Chukua ua, chukua fito, na wateja pia chukua. Utaezekea mabanda ya kuku." Watu wakacheka. Kache naye akacheka, akasema, "Ahsante, Bwana Boga," akachukua vyote, hata kigoda alichokuwa amekalia Boga mwenyewe.

Mwaka wa kwanza wa Uhuru Boga alikuwa hashikiki. Skuli ikaezekwa bati lake, duka la njiapanda likaezekwa bati lake, na kila akipita alitazama juu kama mtu anayehesabu watoto wake. Akaagiza shehena kubwa zaidi, akaipanga uani mbele ya nyumba mpaka ikafika dirishani.

Ndipo zikaja habari za Diani. Mzungu mmoja anajenga hoteli pwani, nyumba thelathini za wageni na ukumbi mkubwa wa kulia. Boga usingizi ulimruka. Nyumba thelathini! Asubuhi akafunga bati moja jipya kwenye baiskeli, linang'aa mpaka kondoo wanakimbia njiani, akaenda nalo mpaka Diani. Akapokewa na karani wa Mzungu, kijana wa Kimijikenda aitwaye Kalama, mstaarabu, mwenye kalamu mfukoni.

"Shikamoo, mzee," alisema Kalama. "Bati zuri. Lakini bwana mkubwa anataka makuti."

"Makuti ya jikoni?"

"Ya nyumba zote thelathini. Ukumbi tu ndio hajaamua."

Boga akacheka mpaka akashika mti. Mzungu gani anayelala ndani ya makuti? Wazungu wote aliowaona tangu azaliwe, wa serikali na wa misheni, walilala chini ya bati au vigae. Kalama akamngojea amalize kucheka.

"Mgeni wa Ulaya, mzee, bati analo kwao, kwenye kibanda cha baiskeli yake. Hapandi ndege kuja kulitazama tena. Kazi tumempa Mama Kache. Wewe unamjua?"

Lo! Mama Kache! Neno lile lilimchoma Boga kuliko habari yenyewe. Alirudi njia nzima akilirudia mdomoni kama mtu aliyetafuna shubiri. Alipofika akachungulia uani pa Kache, ua aliompa kwa mkono wake. Wanawake ishirini wamekaa mikekani wanashona, soga na vicheko, marundo ya makuti yamesimama kama ukuta, na lori la hoteli linarudi kinyumenyume kuja kupakia. Katikati yuko Kache, juu ya kigoda kile kile, anakagua na kurudisha yaliyoshonwa ovyo.

Tangu siku hiyo kijicho kilimkaa Boga kifuani, hakikumpa nafasi hata ya kula. Akitiliwa wali anauliza kama Kache naye siku hizi anakula wali. Kache akinunua leso mpya, yeye ndiye wa kwanza kujua. Lori likipita anahesabu makuti, na usiku mabati yake yanapolia kwa baridi anaona yanamcheka. "Vilikuwa vyangu," alimwambia Mwanapili. "Ua wangu, wateja wangu, ufundi nilimfundisha mimi."

"Ulimpa," akasema Mwanapili.

"Sikumpa ili apate!"

Mwanapili akarudi jikoni, maana mume alikuwa amekwisha kusema kweli.

Sasa roho ya Boga yote ikawa kwenye ule ukumbi. Akiupata ukumbi, mabati yake yatatoka uani, na kubwa kuliko hilo, kila mgeni na kila kuli ataona nani yuko juu na nani yuko chini. Akiukosa, basi Kache ndiye fundi wa pwani yote, na yeye ni yule mjinga aliyetoa ua. Akakaa siku tatu akitafuta mahali pa kumtilia Kache mchanga kwenye kitumbua chake. Siku ya nne akapapata. Akavaa kanzu safi, akaenda kwa Mzungu, Kalama akasimama kutafsiri.

Boga alisema siku ile! Nchi aliipima upande baada ya upande. Alisema serikali hii ni changa, na serikali changa inapenda kutunga sheria. Hoteli moja tu ikiungua, kesho yake makuti yatapigwa marufuku. Alisema tajiri wa Ulaya akiunguzwa nguo zake hatarudi, atawaambia na nduguze. Akaeleza desturi ya watu wa huku kutia moto mashamba mwezi wa pili kabla ya mvua, na upepo unavyopeperusha majivu yenye moto hadi baharini. Akainyoshea kidole jenereta ya hoteli, inatema cheche kutwa kucha. "Na gari la zimamoto liko wapi? Mombasa! Ng'ambo ya feri! Likifika hapa, bwana, utalikaribisha chai, maana kazi haitakuwapo."

Mzungu hakukatiza hata mara moja. Aliandika kila neno, akamshika Boga mkono kwa mikono yake miwili. Boga akarudi nyumbani moyo mweupe kama pamba, akamwambia mkewe ayafute mabati vumbi.

Baada ya wiki Kalama akamwita. Mzungu alikuwa amesimama mlangoni anatabasamu, na nyuma yake zimepangwa ndoo sita nyekundu za mchanga, pipa la maji na ngazi ndefu.

"Wewe najua moto sana," akasema Mzungu kwa Kiswahili chake. "Mimi napenda. Ukumbi, makuti. Wewe, askari wa moto. Kila siku angalia makuti, mwaga maji."

Boga akamtazama Kalama, akidhani mtu amekosea. Hakuna aliyekosea. Mshahara wa mwezi, chakula cha mchana, kofia. Alikwenda nyumbani akaapa kuwa ng'o, hatalilinda paa la Kache hata afe. Mwanapili akamwonyesha kutu iliyoanza pembeni mwa mabati, akamuuliza watakula hiyo? Jumatatu Boga akavaa kofia.

Ikawa kila adhuhuri anapanda ngazi na ndoo, anamwagia maji kazi ya mwanamke ambaye zamani yeye ndiye aliyemlipa ujira, na chini wageni wanainua macho kulisifu paa. Moyoni aliliombea moto. Hata katika sala zake ombi hilo lilimponyoka.

Mwezi wa pili, alasiri moja, cheche ikaruka kutoka jikoni ikatua karibu na ncha ya paa. Moshi mwembamba ukainuka. Boga akautazama. Hapakuwa na mtu mwingine aliyeona. Wageni walikuwa ufukweni, wapishi wamelala. Liungue, akasema moyoni. Liungue lote tuone. Moshi ukanenepa. Hapo ndipo jasho lilipomtoka, maana alijiona mwenyewe mbele ya polisi: ni nani aliyesema litaungua, ni nani aliyekuwa na kinyongo na Kache, ni nani aliyekuwa zamu? Msambweni nzima ingetoa ushahidi. Boga akaikwea ngazi kwa mbio asizozijua, ndoo ya maji mkononi, akaimwaga, kisha akaupiga moto kwa viganja mpaka ukafa.

Aliposhuka, viganja vimevimba, alimkuta Kache ameshika ngazi kwa chini. Alikuwa amekuja kukagua makuti ya kubadilisha.

"Ahsante, Bwana Boga."

"Sikufanya kwa ajili yako."

"Najua," akasema Kache, akachana pindo la leso yake, akaanza kumfunga mkono wa kulia taratibu. "Mzungu alitaka kuleta askari wa moto kutoka Mombasa. Mimi nikamwambia la, mpe Boga. Mwingine anaweza kusinzia. Boga hawezi, maana likiungua wa kwanza kukamatwa ni yeye, naye analijua hilo. Lete huo wa kushoto."

Boga akataka kuuvuta mkono. Lakini ulikuwa unamuuma sana, akampa.