Cheche Ndani ya Bomba

Siku ya kwanza kazini, kule Walikale, shefu wa maabara alinikabidhi bomba la chuma dogo kama kidole gumba. "Mama Furaha," akasema, "humu iko gesi na waya moja. Umeme yake iko mukali. Kazi yako njo kuichunga."

Niliuchunga mpaka nikastaafu. Nilipima mionzi ya madini ya koltani kabla magunia hayajapakiwa. Mionzi ikipita bombani huiamsha gesi, umeme unaruka mara moja, kifaa kilichofungwa nalo kinalia: tak! Lakini uchafu au unyevu ukikaa kwenye kihami, yaani ile kauri inayotenganisha waya na chuma, umeme hupata pa kuteleza. Cheche huruka zenyewe, kifaa kikapayuka bila sababu. Kwa hiyo tulifuta kauri kwa spiriti, hatukuigusa kwa vidole, na bomba tulilihifadhi katika mkebe wenye makaa makavu, kwa maana mvua ya Walikale huingia hata isipoalikwa.

Kisha nikahamishiwa Kitshanga. Huko shefu wa depo, ghala la koltani, alikuwa amewalaza wamama waliokimbia vita, pamoja na watoto wao, kando ya magunia. Nilitaka kupima kwanza kama mionzi haitawadhuru. Kumbe bomba la pale alikuwa amelitundika juu ya mafiga, kwenye moshi, kama tunavyotundika mbegu za mahindi zisipate ukungu.

"Imekauka muzuri," akasema, akalisogeza kwenye beseni la unga wa muhogo. Taktaktaktak! "Unasikia? Hata fufu inalia! Mashine iko muongo. Acha wamama walale."

"Masizi njo inapitisha umeme, Papa. Uliikausha kama samaki, sasa unataka ikuambie kweli?"

Wamama wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Nani shefu hapa?"

"Ni weye. Lakini sitoki."

Nikafuta masizi polepole, matusi yake yakininyeshea mgongoni. Nikalikausha bomba kwenye mkebe wangu, nikarudisha umeme kwenye kiwango chake. Mbele ya unga: tak, moja moja, ile sauti ya mionzi midogo ya ardhi yenyewe. Mbele ya magunia: taktaktaktak, bila kupumua.

Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha akainuka, akavuta mkeka wake nje. Wote wakamfuata. Walipokosa pa kulala, niliwafungulia ofisi ya shefu.

Alinifukuza Kitshanga kesho yake, nikarudi kupima Walikale. Leo watu huniuliza kama najuta kugombana na wakubwa. Sijuti hata kidogo. Ninyi mnaoanza kazi hii, mkubwa akisema kifaa ni mwongo, msikizime. Kisafisheni, mkipeleke mbele yake, kilie.