Giaboksi ya Shangazi

Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa na mguu wa kushoto mwembamba kama fimbo ya kuchungia. Ugonjwa wa kupooza ulimpata angali anatambaa, huko kwetu Magu, na tangu hapo mguu ule ukawa wa kubebwa tu. Alitembea kwa gongo. Alishona kwa cherehani ya mkono, kwa kuwa ya miguu hakuiweza. Na alikuwa mwanamke wa kwanza niliyemwona pale Mkolani, jijini Mwanza, akiendesha gari lake mwenyewe.

Gari hilo aliuziwa na daktari mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Shangazi alikuwa akimshonea mashuka ya wodi. Lilikuwa gari kubwa la Kijerumani, rangi ya maziwa mgando, lenye taa za kusimama wima na usukani mpana kama ungo. Lilikuwa limeshazeeka tayari. Daktari alimuuzia yeye na si mwingine kwa sababu moja: lilikuwa otomatiki. Halikuwa na klachi. Mguu wa kulia ulitosha kwa mafuta na breki, na wa kushoto ukapumzika.

Mimi nilihamia kwake nilipopangiwa kazi ya uuguzi kwenye zahanati moja ya jijini. Ilikuwa miaka ile kila kitu kilipokuwa ruksa. Maduka yaliyokuwa na sabuni peke yake rafuni yalijaa ghafla. Sangara walikuwa wanasafirishwa kwa ndege, vijana wa viwanda vya samaki walikuwa na hela, na magari ya Kijapani yaliyotumika yalikuwa yanaingia kutoka Dubai yakiwa bado yana vibandiko vya maandishi tusiyoweza kuyasoma. Mitumba nayo ikaingia, ikamnyang'anya shangazi wateja wa magauni. Wakabaki wanaoolewa tu, maana hakuna aliyetaka shela la mtumba. Basi akaanza kuwashonea mabibi harusi na kuwabeba pia, kwa gari lile lile.

Harusi za Mwanza zilikwenda polepole. Matarumbeta mbele juu ya pikapu, akina mama wakicheza kando ya barabara, na gari la bibi harusi likitambaa nyuma yao kwa mwendo wa mtu anayebeba maji kichwani. Magari ya klachi yalichoka. Nilishanusa harufu ya klachi inayoungua kwenye kilima cha Isamilo, inafanana na nywele zilizochomwa. La shangazi lilipanda kimya. Kila lilipobadilisha gia ulihisi mguso mmoja mfupi mgongoni, kama mtu anayekuamsha kwa kukugusa bega, halafu likaendelea.

Hata hivyo watu walikuwa wanamwonya. "Mama, otomatiki si ya mji wa milima," walimwambia. "Siku giaboksi ikifa, utalifanya banda la kuku." Yeye alijibu, "Ikifa nitawaambia."

Siku moja tukakuta doa jekundu chini ya gari, pana kama sinia. Mimi nilidhani damu, kwa mazoea ya kazi yangu. Shangazi aligusa kwa kidole, akanusa, akasema, "Ni ya giaboksi." Tukalipeleka polepole mpaka Kisesa, kwa fundi mmoja aliyekuwa anatengeneza malori ya pamba.

Fundi alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mkimya, mwenye mikono iliyojaa makovu ya spana. Alimsalimia shangazi kwa heshima, akazunguka gari, akalala chini na kuchungulia. Alipotoka akajipangusa.

"Mama, sitakudanganya. Za aina hii sijawahi kufungua. Nimefungua za hawa Wajapani wapya, na karibu zote nimekuta zimeshakuwa masizi ndani. Hii ina umri wa kuwa bibi yao. Tukiishusha, tujiandae kwa msiba."

"Ishushe," alisema shangazi. "Ila nitakaa hapa nione."

Akakaa kwenye kiti, gongo mapajani. Mimi nilikuwa mapumzikoni, nikakaa naye. Waliishusha kwa minyororo, fundi na wenzake, ikalazwa juu ya meza iliyotandikwa gunia safi. Nimeona matumbo ya watu yakifunguliwa kwenye vyumba vya upasuaji, lakini sijui kama nimewahi kushika pumzi kama siku ile.

Fundi alifungua sampu ya chini, lile bakuli linalokusanya oili. Oili iliyobaki ilikuwa nyekundu, safi, haina harufu ya kuungua. Akachovya kitambaa cheupe, akakiangalia kwenye jua akitafuta vumbi la chuma. Akatafuta tena. Kisha akaanza kutoa vipande. Kulikuwa na bamba lenye vijia vilivyochimbwa ndani yake, vinapinda, vinakutana, vinaachana, kama kichuguu kilichokatwa katikati ukaona njia zote za mchwa. Akatueleza kwamba oili hupita humo ikisukumwa, na kwa kupita kwake ndipo gari hujua sasa ni gia ya kwanza, sasa ya pili. Hakuna waya, hakuna akili nyingine. Oili tu, inayotafuta njia.

Halafu akatoa sahani nyembamba za kukamatia, akazipanga moja baada ya nyingine juu ya gunia. Alichukua moja, akapitisha ukucha juu ya utando wake, akanipa na mimi nipitishe. Ulikuwa mzima, mkavu kidogo, kama ganda la biskuti. Zile sahani zilikuwa zimeshika na kuachia tangu Ulaya, tangu kabla shangazi hajamjua yule daktari, kwenye mawe ya Mwanza, kwenye matope ya Magu, nyuma ya kila tarumbeta, na zilikuwa bado zinangoja kazi.

Fundi alivua kofia yake akaiweka kando.

"Umekuwa unaibadilishia oili?" akamuuliza shangazi.

"Kila vuli ikikaribia. Zamani ilikuwa haipatikani, nilikuwa naagiza kwa madereva wa mabasi ya Nairobi. Sasa inauzwa mpaka sokoni."

"Waliotengeneza hii hawakuwa na haraka," alisema fundi. Kilichoharibika kilikuwa mpira wa kuzuia oili, pete ndogo iliyokauka kwa uzee. Alitafuta unaolingana na huo, akaurudishia.

Wakati wa kufunga alinyanyua pampu mbili, akashangaa. "Hii ya mbele naielewa, inazungushwa na injini. Hii ya nyuma ni ya nini?"

"Daktari aliniambia inazungushwa na matairi," shangazi alijibu. "Alisema kwa sababu ya hiyo, injini ikikataa, gari linaweza kuvutwa mpaka likawaka."

"Otomatiki haivutwi ikawaka, mama."

"Na mimi najua hivyo. Nakuambia alichosema yeye. Sijawahi kujaribu."

Miezi michache baadaye tulijaribu, na si kwa kupenda.

Binti wa jirani yetu alikuwa anaolewa ng'ambo ya ziwa, Sengerema, kwa familia moja iliyotoka Kagera. Shangazi alikuwa amemshonea shela, na aliahidi kumfikisha kanisani. Tulitoka Mkolani asubuhi, mimi mbele na shangazi, bibi harusi nyuma na msimamizi wake. Pikapu ya mjomba wa bibi harusi ilitangulia na wapiga matarumbeta. Tulifika Kigongo, tukaingia kwenye kivuko, na kama ilivyo desturi mhudumu akaamuru kila gari lizimwe.

Tukavuka. Ziwa lilikuwa limetulia na bibi harusi alikuwa anaimba taratibu. Kivuko kilipogusa Busisi, pikapu ikawaka ikashuka. Shangazi akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Ilisikika *ta* moja ndogo, basi. Stata ilikuwa imekufa.

Nyuma yetu kulikuwa na lori la ndizi na basi, na wote walianza kupiga honi. Tukashuka, mimi na abiria wengine, tukalisukuma mpaka nchi kavu, viatu vyangu vya harusi vikizama kwenye udongo. Bibi harusi alibaki ndani, maana shela lile lisingerudi jeupe. Nilipomchungulia kupitia kioo cha nyuma nikaona ameacha kuimba.

Mjomba alirudi kwa miguu. "Lingekuwa la klachi tungelisukuma likawaka," alisema. "Hili hapana. Tumhamishie binti kwenye pikapu."

Shangazi alitazama ile pikapu, yenye kutu na mavumbi. Akamtazama binti. Kisha akasema kwa sauti ile ile anayotumia kuomba chumvi, "Tafuteni kamba. Mtanivuta."

"Utaiua giaboksi, dada."

"Ikifa nitawaambia."

Mabaharia wakatupa kamba ya katani. Wapiga matarumbeta wakashuka kupunguza uzito. Nikaingia tena na kukaa kando ya shangazi. Aliweka gia kwenye huru, magurudumu yazunguke yenyewe, akawasha swichi kwa ufunguo, akashika usukani kwa mikono yote miwili. Pikapu ikavuta. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, na gari zito lilianza kusogea likiguna.

"Ikianza kupata nguvu ile pampu, nitajua," alisema.

"Utajuaje?"

"Sijui. Nitajua."

Mwendo ukaongezeka. Vumbi la pikapu lilitufunika mpaka sikuona kamba. Nilisikia mawe yakigonga chini ya sakafu. Upepo ukaanza kuvuma dirishani, na shangazi akawa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa mama yake, jambo ambalo mimi nalifanya kila siku na najua jinsi uso unavyokuwa. Kisha akashusha mkono wa gia.

Kwa muda wa pumzi moja hapakuwa na kitu. Halafu ukaja ule mguso mgongoni, gari likasita, likakohoa, na injini ikanguruma.

Msimamizi alijifanyia ishara ya msalaba. Nilifikiria lile giza la ndani ya chuma, oili ikisukumwa na magurudumu yenyewe, ikijitafutia njia kwenye vile vijia, ikifika kwenye zile sahani nilizozigusa kwa ukucha wangu, na sahani zikashikana na kuzungusha injini iliyolala. Watu waliobuni jambo lile walikuwa mbali sana na Busisi. Walikuwa wamefikiria mtu ambaye siku moja atakwama mahali pasipo na msaada, wakamwekea njia ya kutoka.

Shangazi alipiga honi, mjomba akasimama, kamba ikafunguliwa. Alikuja dirishani, akaweka kiganja chake juu ya boneti na kukiacha hapo.

"Limewaka," alisema.

"Ninyi tangulieni," shangazi alimwambia. "Tumechelewa misa."

Tulifika padri akiwa mlangoni. Bibi harusi alishuka bila tone la tope.

Gari lile lilidumu miaka kadhaa zaidi, na halikuuawa na giaboksi. Kutu ndiyo ilianza. Sakafu ilitoboka upande wangu, nikawa naona barabara ikipita chini ya miguu. Baadaye injini ikaanza kugonga, mpaka siku moja ikakwama kabisa pale Nyegezi. Fundi wa Kisesa alikuja akatikisa kichwa. "Injini imekwisha, bodi imekwisha," alisema. "Iliyobaki ni ile moja."

Habari zilienea kama zinavyoenea kwa mafundi. Akaja mwalimu mstaafu kutoka Bukoba, kwa meli, akiwa amevaa koti licha ya joto. Alikuwa na gari la aina ile ile, la kijani, ambalo giaboksi yake ilipasuliwa na jiwe barabarani. Alimwamkia shangazi, kwa kuwa shangazi alimzidi umri kidogo, akaomba auziwe giaboksi peke yake.

"Nitakuuzia," shangazi alimjibu. "Lakini nataka niisikie ikitembea huko."

Kwa hiyo tulisafiri wote watatu, giaboksi ikiwa imefungwa kwa magunia na majani makavu ya migomba, na shangazi akakataa kukaa mbali nayo melini.

Ilifungwa Bukoba na mafundi wa huko, mwalimu akiwasimamia. Ilipokamilika, mwalimu alifungua mlango wa dereva akamgeukia shangazi.

"Dada, karibu. Wewe ndiye unayeijua."

Shangazi aliweka gongo lake kiti cha nyuma. Tulipanda kilima kirefu kinachotoka mjini, kati ya migomba na mibuni, kulikuwa na ukungu na barabara ilikuwa imelowa. Gari la kijani lilikuwa geni kwetu, lilinuka kahawa na vitabu. Lakini mwinuko ulipokuwa mkali nilihisi gia ikishuka, na mgongo wangu ukaitambua kabla yangu. Mwalimu, aliyekaa nyuma, alisema kwa sauti ya chini kwamba lilikuwa halijawahi kupanda vile.

Juu kabisa, ukungu uliachia na ziwa likaonekana lote chini yetu. Shangazi alisimamisha gari. Alikaa na mkono wake juu ya mkono wa gia, injini ikiunguruma taratibu, na mwalimu hakumharakisha.

Mwaka uliofuata alinunua kigari cha Kijapani, nacho otomatiki, kilichobadilisha gia kimya kimya bila mtu kujua. Alikipenda, kilikunywa mafuta kidogo. Na mimi kila nilipopata mgeni kutoka Bukoba nilimuuliza habari za gari la kijani la mwalimu, na kila mmoja alinijibu kwamba amepishana nalo njiani, likipanda.