Editha na Kifua cha Baba Mkwe

Waliponipigia simu kutoka Kidodi kuniita kwenye kikao, nilijua kabla salamu hazijaisha kwamba wanataka kumrudisha Editha kwao. Mimi ndiye niliyekuwa mshenga wakati anaolewa, na mshenga akishakula pilau la harusi ataitwa kwa kila kelele ya ndoa hiyo mpaka azeeke. Kazi yangu ni kununua mpunga Masanze na kuuza mchele Mikumi. Watu waliona najua kushusha bei ya gunia, wakadhani najua na kushusha mahari. Hawakukosea.

Kosa la Editha lilikuwa moja: amemgusa baba mkwe wake kifuani, mbele ya watu. Kwamba huyo baba mkwe alikuwa amekwishakufa, na sasa anakunywa uji kwa mkono wake mwenyewe, walilitaja mwishoni, kama mtu anayekumbuka kukwambia kuwa jana mvua ilinyesha.

Nilipanda gari siku ileile.

Editha ni mtoto wa Kilosa mjini. Baba yake alikuwa fundi wa reli, mama yake alikaanga vitumbua, na yeye alianza kuviuza kabla hajajua kusoma vizuri. Nilimpenda kwa hilo. Alipofika umri wa kazi akapata kibarua kwenye mizani ya miwa upande wa Ruaha, na huko shambani kila idara ikatakiwa kutoa watu wa kufundishwa huduma ya kwanza. Wenzake waliposikia hakuna posho wakapotea mmoja mmoja. Editha akaenda. Walifundishwa kwa mdoli wa plastiki usio na miguu, akarudi nyumbani anacheka kwamba ameshinda anamkandamiza kifua bwana mmoja asiyelalamika.

Aliolewa na Bryson, dereva wa trekta la miwa. Bryson si mtu mbaya. Ni mtu ambaye ukimuuliza jina lake atamwangalia kwanza shangazi yake.

Shangazi huyo ndiye Costancia, dada wa mzee Wenceslaus, baba yake Bryson. Mke wa mzee alishafariki, kwa hiyo Costancia ndiye mwenye sauti katika nyumba hiyo. Babu zao walitoka nyanda za juu kuja kukata mkonge Kilosa. Mkonge ulikwisha, lugha yao wamebaki nayo wazee wawili watatu, lakini desturi ya kuogopana na mkwe wameishikilia kama hati ya shamba. Mke wa mtoto hamshiki baba mkwe hata mkono. Hakai naye mkeka mmoja. Akiwa na neno la kumwambia, anageuka na kuuambia ukuta, na mzee anasikia kwa bahati nzuri. Nimemwona Editha akiuamkia ukuta shikamoo, na mzee Wenceslaus nyuma yake akiitika marahaba huku anatazama miwa yake. Kila nyumba ina ujinga wake, na ule haukuwa na gharama.

Gharama ilikuja siku ya komunio ya kwanza ya Goodhope, binti wa Editha. Nilikuwepo, na nilichokiona bado kinanikereketa.

Tangu asubuhi mzee alikuwa anashika kifua. Jasho linamtoka amekaa kivulini. Alisema mkono wa kushoto mzito, na taya linauma kama jino. Huyu ni mtu wa presha. Vidonge vyake aliviacha tangu kiangazi kwa sababu alijisikia vizuri, akavigawa kwa majirani wenye presha zao, mmoja huku, mmoja kule, kama karanga. Costancia akasema ni gesi. Akamchemshia tangawizi.

Editha alitoka jikoni, akasimama mbele ya ukuta wa sebule, akasema, "Baba akitoka jasho hivyo na kifua kinambana, huo si ugonjwa wa tangawizi. Apelekwe hospitali sasa hivi."

"Ukuta hauna gari," akajibu Costancia, na watu wakacheka. Na gari lilikuwepo. Lilikuwa limepangwa kwenda kuchukua kreti za soda.

Mzee alianguka akiwa anamega ugali. Alianguka vibaya, uso kwenye bakuli la mchuzi. Wakamnyanyua, wakamkalisha kwenye kiti, wawili wakamshika mabega, kwa sababu Costancia alipiga kelele kwamba anayelazwa chali ni maiti na kaka yake si maiti. Mmoja akamwagia maji. Costancia mwenyewe akamnusisha kitunguu. Kijana mmoja alikuwa anapiga picha kwa simu, nikaishusha simu yake mimi mwenyewe. Mzee akatoa sauti, kama mtu anayekoroma, kisha kimya kirefu, kisha tena.

"Amelala," wakasema. "Si mnasikia anakoroma? Apumzike."

Editha akapita katikati yao. Akamwita, akamtikisa bega. Hakuna. Akasema huko si kukoroma, moyo umesimama, mwili unatapatapa tu. Akamvuta mzee kutoka kwenye kiti, akamlaza sakafuni, akamwagiza Bryson apige simu gari la wagonjwa la shamba la miwa, aseme moyo umesimama na waje na mashine ya kuushtua. Kisha akapiga magoti, akaweka kitanga cha mkono katikati ya kifua cha baba mkwe wake, mkono wa pili juu yake, akaanza kukandamiza. Kwa nguvu, haraka, akikiacha kifua kinyanyuke kila mara kabla ya kukirudia.

Wanawake walifunika nyuso. Costancia alimvuta kitenge mpaka kikafunguka. Editha hakuacha. Kitu kikalia kifuani, ko, na Costancia akasema amemvunja kaka yangu.

Mikono ilipoanza kumlegea, Editha akainua kichwa. "Mshenga, njoo hapa. Ukikaa unaangalia anakufa."

Nikaenda. Nimebeba magunia maisha yangu yote, mikono ninayo. Alinionyesha pa kuweka, akawa ananikaripia nikipunguza kasi, na nikichoka anapokea yeye. Wanaume wengine wa ukoo walikuwa wamesimama, mikono nyuma, wameshiba.

Gari likaja na muuguzi mwenye mashine. Wakambandika vibandiko viwili, mashine ikaagiza watu wakae mbali, mwili ukaruka. Baadaye kidogo akavuta pumzi ya kweli. Wakampeleka Mikumi, kisha hospitali kubwa zaidi, na daktari akasema mshipa wa moyo uliziba. Kuhusu mbavu mbili zilizovunjika, akasema hutokea kifua kinapokandamizwa sawasawa, na zitaunga.

Haya. Ndipo nikaitwa kwenye kikao.

Walikuwa wamekaa ukumbini kwa mzee, vyeo vyote vya ukoo. Mzee mwenyewe kwenye kiti, amekonda, bandeji kifuani. Editha mlangoni, begi limeshafungwa. Costancia akasoma mashtaka: ameshika mwili wa baba mkwe, amemvunja mbavu, ameuaibisha ukoo. Atoe mbuzi wa kutakasa na arudi Kilosa mpaka aitwe. Wote tulijua hataitwa, na Goodhope angebaki hapo.

Nikamuuliza Bryson anasemaje. Akamwangalia shangazi yake.

"Sawa," nikasema. "Mimi ni mtu wa biashara. Mzigo ukikataliwa, unarudishwa ulikotoka. Huyu mama mikono yake imewaletea Wenceslaus. Kama mnaukataa mzigo, mrudisheni Wenceslaus sakafuni alipookotwa, kwenye mchuzi, halafu nami nitambeba huyu mpaka Kilosa, bure."

"Anselmi, una mdomo mchafu," akasema Costancia.

"Ninao. Lakini wewe una kitunguu."

Hapo Editha akafanya jambo ambalo halijawahi kufanyika katika nyumba ile. Aliuacha ukuta, akamgeukia mzee, akamtazama usoni.

"Baba, mimi nikiambiwa niende nitaenda. Ila daktari alisema inaweza kukurudia, hata kama utameza vidonge, na wewe vidonge unagawa. Siku ikirudi, kati ya hawa, nani anajua pa kukandamiza?"

Mzee Wenceslaus akawatazama ndugu zake. Macho yake yaliwazungukia wote taratibu, mmoja mmoja. Mmoja akakohoa. Mwingine akainama kufunga kiatu kisicho na kamba. Nilimwona mzee anaelewa, na uso wake ukawa wa kijivu.

"Hatoki mtu," akasema.

Usidhani ni shukrani. Ilikuwa hofu, tupu, isiyo na aibu. Asante sikuisikia siku ile wala baada yake. Hata suala la mbuzi alitaka liendelee, maana ukoo ni ukoo. Nikabishana nao mpaka mbuzi akawa kuku mmoja wa kienyeji, na huyo akatolewa na Bryson. Wakamchinja palepale, wakamla wale wale waliosimama mikono nyuma. Waliponiletea bakuli la supu nikalisukuma.

Kabla sijaondoka mzee aliagiza gunia la mpunga lilazwe katikati ya ukumbi, na Costancia apige magoti. Alikataa. Mzee akarudia, kwa ile lugha yao ya zamani, na sauti ya chini. Costancia akapiga magoti. Editha akachuchumaa upande wa pili, akamshika vidole, akaviweka panapotakiwa.

"Shangazi, hapo unapapasa. Nyoosha mkono. Kandamiza."

Costancia akakandamiza. Mzee Wenceslaus aliitumbulia macho mikono ya dada yake, jasho likimtoka.

"Tena," akasema.