Mstari wa Kwanza wa Mzee Pasi

Mzee Pasi alijifunza kuandika akiwa na miaka sitini na tisa, mwaka mmoja baada ya mkewe kufa. Jina hilo alipewa na mtaa kwa kazi yake ya udobi. Nyumbani kwao kusoma ilikuwa kazi ya mke; yeye kazi yake kunyoosha. Mwenzake alipoondoka, barua zikabaki mezani, zimefumba midomo.

Basi akajiunga na darasa la watu wazima nyuma ya zahanati, saa nane mchana. Mwalimu, binti wa rika la mwanawe, akaagiza kila mtu aandike insha juu ya mtu anayemjua. Insha zote zingepigwa chapa, zikafungwa kitabu kimoja. Mzee alitaka nakala moja tu, ya mjukuu wake aliye mbali, aliyezaliwa bibi yake ameshafukiwa. Mtoto hakuwa na njia nyingine ya kumjua bibi huyo.

Utangulizi ulimchukua wiki nzima. Maandishi pekee juu ya mtu aliyowahi kuyasikia ni yale yanayosomwa makaburini, naye akafuata yale yale: marehemu alizaliwa, aliolewa, alikuwa mpole, hakugombana na mtu, aliugua, akafariki. Akausoma mbele ya wenzake bila sauti kutetemeka. Alijiona amefanya kazi safi.

Mwalimu akaichukua karatasi, akaipitia.

"Babu," akasema taratibu, "umemzika kwenye mstari wa kwanza. Mjukuu atafungua ukurasa wa pili kumtafuta nani?"

Muuza vitunguu, mwanamke asiyefunga neno moyoni, akadakia kutoka nyuma. "Na huyo mpole ni mke wako yupi, shemeji? Mimi ninayemjua alinirudishia vitunguu mara saba."

Darasa likacheka. Mzee naye akacheka, lakini kicheko kilimshuka vibaya, kama chai ya moto.

Kesho yake dukani akawasha pasi. Akanyunyizia maji shati jeupe, akakandamiza, mvuke ukapanda. Mwaka mzima alikuwa akimkumbuka mkewe amelala, mgonjwa. Sasa mke alikuwa amesimama, ng'ambo ya meza, pua ndani ya shati la mtu.

Ndivyo alivyokuwa. Nguo haijaguswa na maji, yeye anainusa, anatoa habari: huyu kaacha sigara, huyu kahama chumba cha mkewe, huyu kapata mtu. Mzee humkataza, mambo ya watu hayatuhusu. Mke humjibu kwamba nguo haina adabu, inasema yenyewe. Hapo watanuniana, watakula sahani moja bila kusemezana.

Mvuke ukapungua, na mke akapungua. Mzee akanyunyiza tena. Mke akaja, na kitambaa chake cha kichwa kimekwenda upande. Mzee akanyunyiza tena, na tena. Mwenye shati alipolijia, alilikuta limenyooka kuliko siku liliponunuliwa, na dobi hakumwitikia salamu.

Kilichomtia hofu ni aibu. Mtoto aambiwe bibi yake alikuwa mbeya? Aligeuza neno hilo mchana kutwa. Lakini yule mpole wa kwenye karatasi hata yeye hakumjua. Akimwacha pale, mjukuu atapata jiwe la kaburi, basi. Akafuta kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka. Akachukua nyingine.

Siku ya darasa akasimama, akasoma.

"Bibi yako alikuwa akinusa shati la mtu na kujua amelala wapi. Mimi nilimwambia anyamaze miaka arobaini na mmoja. Hakunyamaza."

Hakuna aliyecheka. Muuza vitunguu alikuwa ameinama mbele, kidevu kiganjani.

"Halafu?" akauliza.

Mzee akafungua kinywa aeleze. Mwalimu akainua kidole.

"Usituambie, babu. Andika."